Mikwaruzo ya Pikapu ya Kampuni

Mwezi uliopita mtu alinikwaruzia gari kwenye maegesho, akaondoka zake. Mkwaruzo wenyewe ni mdogo, hauzidi urefu wa kidole, chini ya kitasa cha mlango wa nyuma. Wenzangu kazini waliniambia ndiyo magari hayo, usiumize kichwa, nami nikawaitikia kwa kucheka. Jumapili nikakoroga rangi kwenye kifuniko cha chupa, nikafungua kopo la tina ili niilainishe, na ile harufu kali iliponipanda puani nikakaa chini barazani kama mtu aliyetua mzigo wa kuni. Sikulia. Nilichoka tu, na uchovu wenyewe haukuwa wa siku ile.

Niseme jambo moja kuhusu mimi, maana bila hilo mengine hayataeleweka. Mimi ni mtu wa kurudiarudia. Ujumbe mfupi wa simu nausoma na kuusoma kabla sijautuma, na nikishautuma nausoma tena kutafuta nilipokosea. Shuka nikilitandika, mikunjo isipolingana nalitoa. Hata hiki ninachoandika, ambacho hakuna aliyenifundisha kukiandika, nimeshakichana na kukianza upya mpaka daftari limekonda. Wanaonifahamu husema napenda vitu vizuri, na wanasema kwa kunisifu. Siku moja ningependa kupumzika na sifa hiyo.

Tulikaa Mbinga, pembeni ya mji, mahali ambapo ukitoka nje asubuhi ya msimu wa kahawa unaona ukungu umelala mabondeni na moshi wa jikoni haujui pa kwenda. Zamani kahawa yote ya milimani ilinunuliwa na ushirika, na Baba aliendesha lori lao. Kisha serikali ikafungua milango, makampuni ya watu binafsi yakaja, kila moja na mizani yake na magari yake, na ushirika ukaanza kukonda. Malori yakawekwa juu ya mawe. Baba akarudi nyumbani na kofia yake ya kazi, akaitundika kwenye msumari nyuma ya mlango.

Alikaa bila kazi muda ambao kwangu mtoto ulikuwa kama maisha mazima. Kila asubuhi alinyoa ndevu kama anayetarajiwa mahali, kisha akamfuata Mama mlimani kuchimba ngoro, yale mashimo ya kwetu ya kulimia kwenye miteremko, ambayo majani hulazwa chini na udongo kufunikwa juu yake. Mikono yake ilizoea usukani. Jembe liliichubua. Jioni alikaa akiitazama, na Mama alimpakia mafuta ya nazi. Hakuna aliyegombana nyumbani mwaka ule. Walikuwa wamechoka mno hata wasiweze kugombana.

Ndipo kampuni moja ikamchukua. Ikampa pikapu nyeupe, mtumba lakini inayong'aa, na kwa kuwa alitakiwa kuondoka alfajiri, gari lililala uani kwetu. Mama alilifagilia mahali pa kulala kabla hajafagilia pengine popote.

Lazima nimweleze Mama hapa. Hakuwahi kurudisha jembe la jirani likiwa na udongo. Aliliosha, akalifuta, na kama mpini ulilegea aliugongea kabari, ingawa ulikuja ukiwa umelegea. Ungo uliochanika pembeni aliushona. Kapu la mtu halikurudi tupu, hata kama ni kwa viazi viwili vitatu. Hakutuhubiria juu ya hayo, na majirani wote walifanya vivyo hivyo, kwa hiyo nilikua nikidhani ndivyo dunia nzima ilivyo. Pikapu ilipoingia uani, aliizunguka akiwa ameshika kiuno, akaitazama vile vile alivyolitazama jembe la jirani.

Barabara za wakati ule ziliyala magari. Baba alikwenda Namswea kufuata kahawa, akipita katikati ya mashamba ambako matawi yalilamba milango pande zote mbili. Siku nyingine alitumwa ziwani, maana kampuni ilinunua na mpunga pia, akateremka ile miteremko ya kwenda Mbamba Bay ambayo mawe yake yaliruka yenyewe, akaendelea hadi Lipingo. Alirudi na vumbi jekundu kwenye kope, na furushi la usipa, wale dagaa wadogo wa Ziwa Nyasa, na pikapu imebanduka rangi hapa na pale, vidoa vidogo kama punje za ulezi ambamo bati lilionekana la kijivu.

Mwanzo aliviziba mwenyewe. Fundi mmoja wa kupaka magari pale mjini alimpa mabaki ya rangi nyeupe kwenye kopo la maziwa ya unga. Baba alichukua brashi, akapaka akiwa amesimama, macho yamejaa usingizi. Rangi ikatuama vibonge. Asubuhi ilionekana kama kuku wamelala juu ya boneti. Mama akacheka, na Baba naye akacheka, lakini mimi nilishindwa kunywa uji. Nilisimama pale na bakuli langu, nikijua kwa hakika ya kitoto kwamba hali ile haiwezi kuachwa.

Nikaanza kujifunza, na hakuna aliyenielekeza. Niligundua kwamba brashi ni kubwa mno, nikatumia ncha ya unyoya wa kuku. Niligundua kwamba ukipaka juu ya kutu, kutu linarudi, kwa hiyo nilikwangua kwanza kwa sindano ya Mama mpaka bati ling'ae, nikasugua na kipande cha msasa kilichochakaa, nikafuta kwa kitambaa chenye tina. Kisha tone moja. Unasubiri. Tone lingine. Unasubiri mpaka rangi inyanyuke kidogo kuliko bodi, unaiacha ikauke, siku ya pili unaisugua kwa msasa uliolowa hadi ilingane na jirani zake, na mwisho unang'arisha kwa dawa ya meno. Mdomo wangu ulikuwa unanukia mkaa siku hizo, maana dawa ya meno yote ilikwenda kwenye gari.

Kilichonitesa ni weupe. Rangi ya fundi ilikuwa nyeupe ya maziwa, na pikapu ilikuwa nyeupe ya shati lililofuliwa miaka mingi. Kila nilichoziba kilionekana. Nilijaribu maji ya chai, nikajaribu jivu. Mwishowe nikapata mabaki ya rangi ya njano iliyopakwa kwenye madirisha ya kanisa, nikachovya ncha ya njiti ya kiberiti, nikakoroga, na weupe ule ukazeeka mbele ya macho yangu. Nilipopaka, doa likapotea. Nilisogea nyuma, nikasogea mbele, sikuliona. Sijui kama nimewahi kufurahi namna ile tena.

Baba hakunizuia. Aliegesha, akakaa kwenye ngazi ya mlango kuvua viatu, akalala kabla hajamaliza cha pili. Mimi nikaosha vumbi, nikachomoa nyasi kwenye bampa, kisha nikaanza kuzunguka. Nilikuwa kwenye mafundisho ya Komunyo ya Kwanza, na katekista alitufundisha kutafiti dhamiri, kuanzia asubuhi hadi jioni, bila kuruka kitu. Niliitafiti pikapu hivyo hivyo, kuanzia bampa la mbele hadi la nyuma. Mama alitoka na taa ya kandili akaniambia njoo ule, nami nikasema bado kidogo. Alisimama akiniangalia, akavuta kitenge mabegani kwa baridi, akarudi ndani. Nadhani alijua kwamba nami nimeshaajiriwa.

Sababu ya bidii yangu ilikuwa meneja wa kampuni. Alikuwa mtu wa mkoa mwingine, mrefu, mwenye kikohozi, ambaye familia yake aliiacha kwao na baridi ya Mbinga ilimwonea. Alivaa sweta mbili chini ya koti. Ofisi yao ilikuwa kwenye njia yangu ya shule, na nilimwona asubuhi akilizunguka gari la Baba, mikono nyuma, akiinama hapa na pale. Alipitisha kidole kwenye mlango, akakitazama kidole, akakifuta kwa leso, akaenda zake kimya. Mimi nilimchungulia kutoka nyuma ya ukuta wa jirani. Nilijua anatafuta mikwaruzo. Niliamini siku akiona mmoja tu, Baba atarudi na kofia yake kuitundika kwenye msumari. Akiondoka bila kusema neno, nilikimbia darasani nikiwa mwepesi kama karatasi. Kufika saa ya mapumziko, hofu ya safari inayofuata ilishaanza.

Msimu ulipofika katikati, magunia yakapungua. Nilimsikia Baba akimwambia Mama kwamba makampuni mengine yameongeza bei, wakulima wanamwamkia vizuri, wanampa ugali, kisha kahawa wanampelekea mwingine. Alisema bila hasira. Niliyasikia kama watoto wanavyosikia mazungumzo ya watu wazima, sauti bila maana, kwa kuwa macho yangu yalikuwa kwenye mlango wa kushoto.

Meneja alikuja kwetu Jumapili, tumetoka misa. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kuniangalia. Baba akatoa kile kiti chetu chenye mto. Hakukaa. Alilizunguka gari taratibu, akainama kutazama chini ya bampa, akapitisha kidole kwenye mlango kama kawaida yake.

"Jana ulikwenda wapi, Ndunguru?"

"Lipingo, bosi. Kama ulivyoagiza."

"Na juzi?"

"Namswea. Nilifika mpaka kule juu barabara inapoishia."

"Kwa gari hili?"

"Hili hili, bosi."

Meneja akakohoa. "Mimi nimeishi na magari tangu kijana," akasema. "Gari linalokwenda Lipingo halifanani hivi. Hili ni gari la kubebea maharusi."

Baba akacheka kwa furaha, akainamisha kichwa. "Asante sana, bosi. Tunajitahidi."

Mama aliyekuwa mlangoni akagonganisha viganja polepole, namna ya wanawake wa kwetu ya kushukuru, akapiga goti kidogo. Mimi nilisimama nyuma yake. Hatimaye ameona. Kwa muda mfupi tulikuwa familia ya watu watatu wanaotabasamu mbele ya mtu mmoja ambaye hatabasamu, na yeye akatusubiri tumalize.

"Sikusifu, Ndunguru," akasema.

Akaeleza kwa sauti ya mtu asiyependa anachokisema. Magari mengine ya kampuni yanarudi kama yamepigana na mbuzi. Hili la Baba linarudi kama lilivyotoka. Mafuta yanakwisha, kahawa haiji. Watu mjini wamemwambia kwamba wako madereva wanaoegesha gari kwenye kivuli cha mikaratusi, wanauza mafuta, wanalala, jioni wanarudi na hadithi za barabara mbovu. Alikataa kuamini. Kila asubuhi alitafuta vumbi, nyasi kwenye bampa, mchubuko wowote ule wa kumtetea Baba kwa wakubwa, na hakuona. "Kesho," akamaliza, "uje na ufunguo ofisini, uukabidhi."

Baba akaeleza habari za bei, na za wakulima, na mwisho, kama mtu anayeshika nyasi asianguke, akautaja usipa. "Muulize mama huyu, bosi. Jana nimeleta usipa kutoka Lipingo. Upo jikoni."

"Usipa hata sokoni hapo upo, Ndunguru."

Nilimwona Mama akitazama mikono ya Baba. Ilikuwa inaning'inia tu, imeshapona, laini tena, mikono ya dereva.

"Bosi," Mama akasema, "michubuko ipo. Anaiziba huyu."

Meneja akaniangalia kwa mara ya kwanza. "Huyu?"

"Huyu huyu."

"Mama, usinitanie siku ya Jumapili."

Baba akanigeukia. Alizoea kuniita mama, kwa kuwa nimebeba jina la mama yake. "Mwonyeshe, mama," akasema.

Nikasogea. Nilikuwa nayajua madoa yote, kama unavyoijua njia ya kwenda kisimani. Nikaweka kidole chini ya kitasa, nikasema hili ni jiwe la mteremko wa Mbamba Bay. Meneja akainama, akavua miwani, akaifuta, akaivaa. "Sioni kitu," akasema. Nikamwonyesha la kwenye boneti, ambalo lilinichukua jioni nzima. Hakuliona. Nikamwonyesha mkwaruzo mrefu wa tawi la mti wa kahawa, ubavuni, kazi yangu niliyoipenda kuliko zote. Akaupapasa kwa kiganja. "Binti, hapa hakuna kitu."

Nitasema ukweli wa nilivyojisikia. Kila aliposema haoni, ndani yangu kitu kiliruka kwa furaha, kwa kuwa ndiyo sifa niliyoihangaikia msimu mzima, na kila aliposema haoni, nilimwona Baba akirudi kwenye jembe. Vyote viwili kwa pamoja, ndani ya kifua kimoja kidogo. Mpaka leo mtu akiniambia kazi yangu haina kasoro, naogopa kwanza, asante hufuata baadaye.

Baba akaingia ndani, akatoka na ile sindano. Nilidhani atakwangua mwenyewe, lakini alinipa mimi. "Fungua," akasema kwa upole. "Aone."

Nikapiga magoti penye mkwaruzo wa ubavuni. Nikachoma pale mwanzo, nikavuta. Rangi yangu ikatoka kama utepe, na chini yake bati likatokea na uzi mwembamba wa kutu ambao sikuwa nimeumaliza. Meneja akachuchumaa kando yangu, nikasikia kifua chake kikikoroma. Nikaenda la kitasani, nikalifungua. La boneti, nikalifungua. La juu ya taa. La kwenye ukingo wa mlango ambalo hata Baba hakulijua. Meneja akasema inatosha, binti, inatosha, nami nilimsikia vizuri, lakini sikuweza kuacha. Kama anataka kuona, aone yote. Nilikuwa nimeanza upande wa pili Mama aliponishika mkono, akaniondolea sindano kwenye vidole, akaichomeka kwenye kitenge chake.

Pikapu ilisimama juani imejaa vidonda.

Ndipo meneja akakaa kwenye kiti. Mama akamletea togwa, akanywa, akashika kikombe kwa mikono miwili kupata joto ambalo halikuwemo. "Lakini kwa nini?" akauliza, na alikuwa anauliza kweli. "Nani aliwaambia mfanye hivi?"

Mama akamtazama kwa mshangao. "Si gari la watu, bosi?"

Meneja akacheka kidogo, kicheko kikageuka kikohozi, akainama mpaka kilipopita. Akasema yeye pia ana wakubwa, wakija na kuona gari jeupe namna hii kwenye hesabu mbovu namna hii, hatakuwa na la kuwaambia. Liacheni lichakae kama mengine, alisema. Baba akaitikia ndiyo, bosi. Ufunguo hakuutaja tena. Alipokuwa anaondoka akanigeukia. "Na wewe, umesikia?" Nikasema nimesikia. Akatazama mkwaruzo wa ubavuni mara nyingine, akatikisa kichwa, akashika njia akiwa amejikunyata ndani ya koti lake.

Baba alibaki na kazi msimu ule, na uliofuata. Kopo la rangi Mama alilipeleka kwa fundi, na nilirudi kupiga mswaki kama watoto wengine. Jioni pikapu iliporudi, nilikaa jikoni nikiipa mgongo ili nisiione. Nilikuwa naiona hata hivyo. Baba alianza kurudi na habari za mikwaruzo. Aliingia akasema, huu wa leo mzuri, meneja ameupenda, na Mama alitabasamu akimpokea furushi. Walikuwa wanatania, na mimi nilijitahidi kucheka nao, nikashindwa.

Kisha mvua zikaja. Pale nilipofungua kwa sindano maji yakaingia, kutu likaanza kutambaa chini ya rangi nzuri, na kila asubuhi michirizi ya kahawia ilikuwa imeteremka milangoni kama machozi ya mtu asiyejifuta. Niliivumilia nilivyoweza. Jioni moja Baba amekaa kwenye ngazi, kiatu kimoja mguuni, kimoja mkononi, nikamfuata. Nikamwambia siombi kuziba kitu. Naomba kitambaa tu, nifute ile michirizi. Michirizi peke yake.

Hakufungua macho. "Acha, mama," akasema. "Ndiyo inayotulisha."

Nikasimama kidogo, mikono nimeikunja nyuma. Kisha nikamvua kile kiatu cha pili, nikaviweka vyote viwili ndani visilowe, nikaenda kumsaidia Mama kuchambua maharage.